Si kila simu ya Android inakubali mfumo mwingine

Wengi huamini kwamba kwa kuwa msimbo wa Android uko wazi, basi simu yoyote inaweza kuwekewa mfumo mwingine, kama LineageOS. Sivyo. Uwazi wa msimbo hauifungui simu iliyofungwa na mtengenezaji.

Simu inapowaka, butiloda, programu ndogo inayouanzisha mfumo, hukagua sahihi ya kidijitali ya mfumo huo kabla ya kuuruhusu uendelee. Ikiwa imefungwa, mfumo usiotambuliwa hauanzi, hata uwe bora namna gani. Google huruhusu kuifungua kwenye Pixel nyingi: unagusa namba ya toleo mara 7 hadi mipangilio ya wasanidi ijitokeze, unawasha ruhusa ya kufungua, kisha unatoa amri kutoka kwenye kompyuta. Hapo picha, meseji na kila kilichomo hufutwa. Ni makusudi, ili mwizi asizifikie data zako kwa njia hiyo. Kwa hiyo hifadhi nakala kwanza, tafadhali! Huawei, kwa upande wake, iliacha kutoa namba za siri za kufungulia mwaka 2018.

Hata ukishafungua, kamera na modemu (kifaa cha kuunganisha mtandao) huhitaji draiva, yaani programu za kuviendesha, za modeli hiyohiyo. Faili la mfumo la simu nyingine linaweza kuifanya yako isiwake tena.

Jina la simu pekee halitoshi. Galaxy S10 yenye chipu ya Exynos hufunguliwa, lakini ile ya Snapdragon iliyouzwa Marekani Samsung haikuiachia njia rasmi. Kabla ya kuilipia simu, soma namba kamili ya modeli kwenye mipangilio.