Jina la kampaundi linavyosomwa

Neno "chokaa" linamtosha fundi wa ujenzi, lakini katika kemia limebeba vitu vitatu tofauti. Mawe ya chokaa yanayoingizwa tanurini ni kaboneti ya kalsiamu, CaCO₃. Yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na kinachobaki ni oksidi ya kalsiamu, CaO, ambayo ikimwagiwa maji hutoa joto kali, huvimba na kumomonyoka kuwa unga mweupe wa haidroksidi ya kalsiamu, Ca(OH)₂. Mwanafunzi anayeambiwa alete chokaa maabara hawezi kujua ni ipi kati ya hizo.

Jina la kikemia, basi, ni lile linalotaja elementi zilizomo ndani ya kampaundi. Msingi wake uliwekwa mjini Paris mwaka 1787, pale wanakemia Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walipochapisha utaratibu wa kuachana na majina ya zamani, ambayo mengi yalitokana na rangi, mahali au mtu. Tamati "-idi" kwa kawaida huonyesha elementi mbili tu, kama katika oksidi au kloridi. "-Eti" huonyesha kwamba oksijeni imeungana na elementi nyingine katika ioni moja (yaani atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme), kama katika kaboneti na salfeti. Haidroksidi haifuati kanuni ya "-idi", kwa kuwa ioni ya OH⁻ ina elementi mbili peke yake.

Tuzingatie pia kwamba fomula huanza na metali, ilhali jina la Kiswahili humalizia na metali hiyo, baada ya "ya".

Kalsiamu haihitaji namba katika jina, maana chaji ya ioni yake ni +2 daima. Shaba sivyo. Oksidi ya shaba(I) ni nyekundu na oksidi ya shaba(II) ni nyeusi, na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kuwa namba ya Kirumi huhesabu atomu, hata wakaandika Cu₂O kwa ile nyeusi. Namba hiyo hutaja chaji ya kila ioni ya shaba. Kwa kuwa oksijeni ina −2, shaba yenye +2 hutosheleza ikiwa moja, CuO, lakini yenye +1 lazima ziwe mbili. Ndiyo maana Cu₂O, yenye atomu mbili za shaba, ndiyo inayoandikwa namba I.