Aliyethibitishwa ni nani? Maana ya hesabu tunayoisikia mlipuko unapoanza

Kirusi kipya kinapotangazwa Uganda, swali la kwanza kwenye stendi ya taksi na msibani ni moja: kimeshafika wapi? Redio hujibu kwa idadi. Waliothibitishwa ni saba. Kesho yake ni kumi na mmoja. Aliyeuliza hubaki palepale, kwa sababu aliuliza kirusi kimefika wapi, akajibiwa maabara imefika wapi.

Aliyethibitishwa ni mtu ambaye sampuli yake ilichukuliwa, ikapelekwa maabara, ikapimwa, na kirusi kikaonekana. Ni hayo tu. Kabla ya hapo lazima mtu augue, aende kituo cha afya badala ya kulala nyumbani, amkute mhudumu atakayeshuku kitu zaidi ya malaria, na sampuli isafirishwe hadi kwenye maabara yenye uwezo, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi kule Entebbe. Anayekwama kwenye hatua yoyote kati ya hizo haingii kwenye hesabu. Hiyo ni idadi ya waliopatikana, wala haidai kuwa idadi ya walioambukizwa.

Kuna makundi mengine mawili ambayo taarifa za habari huyapita haraka. Anayeshukiwa ni mwenye dalili zinazofanana na ugonjwa, anayesubiri kipimo. Anayedhaniwa ni yule ambaye kila kitu kinaonyesha kwamba alikuwa nao, kwa mfano alimuuguza mgonjwa kisha naye akafa vilevile, lakini amezikwa bila kupimwa. Kundi hili la mwisho ndilo ningeomba kila msomaji alitazame, kwa sababu humo ndimo zinamoonekana siku za mwanzo ambazo hakuna aliyekuwa akihesabu.

Tuchukue wilaya ya Mubende. Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan. Aliyethibitishwa alikuwa mmoja tu, kijana wa miaka 24 kutoka kata ndogo ya Madudu, aliyefariki siku moja kabla. Alikuwa amepita kwenye zahanati kadhaa kabla ya kufikishwa hospitali. Ukisikia "mmoja" unapumua. Lakini hebu tupige hesabu. Dalili zake zilianza tarehe 11 Septemba. Ebola hukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo aliambukizwa wakati fulani kati ya tarehe 21 Agosti na 9 Septemba, tena na mtu ambaye naye tayari alikuwa mgonjwa. Tangazo la Septemba, basi, lilikuwa barua ambayo huenda iliandikwa Agosti. Wachunguzi walipoingia vijijini walikuwa na vifo sita vya kutia shaka vya mwezi wa Septemba wa kuvifuatilia.

Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, ulikuwa umegusa wilaya tisa, Kampala, Masaka na Jinja zikiwemo. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 164: 142 waliothibitishwa na 22 waliodhaniwa. Hao 22 wote walikuwa wamekufa. Hakuna hata mmoja wao aliyethibitishwa kwa kipimo. Waliingia kwenye hesabu kwa sababu mtu alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani alimuuguza nani na nani alimwosha maiti. Kazi hiyo hufanywa na wahudumu wa afya wa kijiji na wenyeviti wa vijiji, na naamini hatuwashukuru vya kutosha.

Mahali kirusi kinapojificha hutegemea tabia yake. Ebola huwaangusha wengi wa wanaoipata, kwa hiyo yasiyoonekana hutafutwa makaburini na kwenye madaftari ya zahanati, pale palipoandikwa "malaria" au "homa ya matumbo". Korona ilikuwa kinyume: mgonjwa wa kwanza Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020, lakini wengi walioambukizwa baadaye walikohoa kidogo au hawakuhisi chochote, wakaendelea na biashara zao. Kirusi cha namna hiyo hutafutwa kwenye damu ya wazima, kwa kupima kingamwili, yaani alama ambazo mwili hubaki nazo baada ya kupambana na kirusi. Zika, kilichopewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, kilipatikana mwaka 1947 katika damu ya nyani wa utafiti. Miaka michache baadaye kingamwili zake zilikutwa kwa wakazi wa Uganda ambao hawakuwahi kuhesabiwa kuwa wagonjwa wa chochote kipya.

Je, mwananchi wa kawaida anaweza kujua kama hesabu anayosikia iko karibu na ukweli? Anaweza, kwa swali moja ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko idadi yenyewe: mgonjwa mpya wa leo alikuwa tayari kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa? Kama alikuwa akifuatiliwa kila asubuhi, akapimwa joto, na homa ilipopanda akachukuliwa siku hiyohiyo, basi idadi imeongezeka lakini mnyororo unaonekana. Kama ametokea pasipojulikana, hata awe mmoja tu, ina maana kuna aliyemwambukiza ambaye hakuna anayemjua, na huyo huenda ana wengine. Wagonjwa kumi wa orodhani wanatisha kidogo kuliko mmoja wa nje.

Kampala iliyaona hayo mwaka 2025. Mlipuko mwingine wa Ebola ulitangazwa tarehe 30 Januari, baada ya muuguzi wa hospitali ya Mulago kufariki. Alikuwa ametafuta tiba katika vituo kadhaa, hadi mji wa Mbale, na kwa mganga wa kienyeji pia. Orodha ya waliokutana naye ikafuatiliwa, na tarehe 18 Februari wagonjwa wanane waliruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa wamepona. Kwa idadi tupu, mambo yalikuwa yamekwisha. Kisha mtoto wa miaka minne akafa Mulago, na kipimo kikaonyesha Ebola. Hakuwa kwenye orodha. Wachunguzi waliporudi nyuma walimkuta mama yake, aliyefariki mapema mwezi huohuo muda mfupi baada ya kujifungua, pamoja na kichanga chake. Wote wawili walikuwa wameshazikwa, hakuna aliyepimwa. Wakaandikwa kwenye safu ya wanaodhaniwa, na mwishowe jumla ya mlipuko ikafika 14.

Ndiyo maana naumia kila mlipuko idadi ya kwanza inaposomwa kana kwamba ndiyo yote. Nia huwa ni kutuliza watu. Lakini ikipanda juma linalofuata, wasikilizaji huona walifichwa, na mwenye homa huanza kuikwepa hospitali. Afadhali msemaji aseme: tumepata saba, tunaamini wapo wengine, tunawatafuta katika vijiji hivi. Watu wazima wanaweza kuyabeba maneno hayo.

Hata siku 42 ambazo hungojwa kabla ya mlipuko kutangazwa kuisha zimetokana na shaka hiihii. Ni zile siku 21 mara mbili, zinazohesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho anayejulikana apimwe na kukutwa hana kirusi tena. Za kwanza zinatosha kwa yeyote aliyeambukizwa naye kuugua. Za pili wamewekewa wale ambao huenda waliugua bila jina lao kuandikwa popote.