Skrini: tazama miguu kabla ya kishindo

Kwenye uwanja wa wazi wa mpira wa kikapu kama ule wa Mao Zedong hapa mjini Unguja, miili ikigongana kishindo husikika hadi pembeni kabisa, na papo hapo watu hudai filimbi. Mimi ndiye ninayeishika hiyo filimbi, na nasema wazi: kishindo hakihukumu. Mlinzi anaweza kuanguka chali pasiwe na faulo, na nyonga iliyosogea kidogo tu ikawa faulo kamili.

Kazi yangu huanza kabla hawajagusana. Refa mwenzangu akimtazama anayedunda mpira, mimi namtazama anayekwenda kuweka skrini, yaani kusimama njiani mwa mlinzi ili kumzuia asimfikie mwenzake. Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinamtaka awe amesimama tuli, miguu yote miwili chini, mwili umo ndani ya silinda yake, ile nafasi ya kufikirika inayomzunguka: mbele mwisho viganja, nyuma makalio, pembeni ukingo wa nje wa mikono na miguu. Akichomoza goti wakati mlinzi anapita, kosa ni lake.

Mabishano mengi, hata hivyo, huzaliwa kwenye nafasi. Mlinzi aliyesimama anaweza kuwekewa skrini mbele au ubavuni, anapoona, karibu kabisa mradi asiguswe. Ya mgongoni lazima imwachie hatua moja ya kawaida. Akiwa mbioni, aachiwe nafasi ya kusimama au kugeuza njia: isipungue hatua moja, isizidi mbili. Hii ya mgongoni naichunga kuliko zote, maana kijana anarudi kinyumenyume hana habari, na chini ni saruji.

Yote yakitimia na mlinzi akagonga, mgongano ni juu yake. Hapo ndipo makocha hupandwa na hasira: "Refa, mtoto kaumia!" Pole zangu anazo, lakini aliyesimama kihalali hakumkosea mtu.

Skrini haramu ya timu yenye mpira haizai mitupo huru, hata kama timu hiyo imeshamaliza faulo zake nne za robo ya mchezo, zile zinazotangulia adhabu ya mitupo hiyo. Mpira unahamia kwa wapinzani, basi.

Mchezo ukisimama huwa nawasogelea wale warefu: "Mwanangu, fika mapema, simama, mngoje." Wengi hujirekebisha. Anayerudia nampulizia, iwe dakika ya kwanza au ya mwisho, na kocha wake akiniuliza namwonyesha mguu uliosogea.