Mstoa naye hupauka kwa hofu

Wengi wanaamini kwamba Mstoa, yaani mfuasi wa falsafa ya Kistoa ya Ugiriki na Roma ya kale, ni mtu mwenye moyo wa jiwe: halii, haogopi, hatikisiki. Sivyo hata kidogo.

Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2, anasimulia safari ya baharini kwenda Brundisium, Italia, ambapo dhoruba iliwapiga usiku kucha. Kati ya abiria alikuwamo mwalimu mashuhuri wa Kistoa. Gellius alimtazama usoni: amepauka kama wenzake, ila hakupiga mayowe. Bahari ilipotulia, akamuuliza sababu. Mwalimu akatoa mkobani kitabu cha Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa aliyewahi kuwa mtumwa, akamwonyesha jibu: mshtuko wa kwanza haubishi hodi, humpata hata mwenye hekima. Tofauti huja baadaye. Mjinga huuamini palepale. Mwenye hekima huupima kwanza, kisha hukataa kuukubali.

Inasikitisha kwamba watu hujitesa bure wakijilaumu kwa kutetemeka tu.

Na machozi? Seneca, Mstoa mwingine wa Kirumi, alimwandikia barua Lucilius, aliyefiwa na rafiki, kwamba macho yasiwe makavu wala yasifurike. Katika barua hiyohiyo alikiri kuwa yeye mwenyewe alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi.