Wape watoto nafasi ya kujaribu mara ya pili

Walimu wanaotaka wanafunzi wao waunde vitu darasani huniuliza kwanza habari ya vifaa. Maabara hakuna, fungu la shule halitoshi hata chaki, na darasani kuna watoto 80 au zaidi. Nawasikiliza, maana wanayosema ni kweli tupu. Lakini swali ninalowarudishia mimi ni la ratiba: mtoto ambaye kitu chake kimeanguka, umemtengea dakika ngapi za kukiunda upya? Mara nyingi hazipo. Kipindi kimepangwa maelezo, kuunda, kuonyesha, makofi, kengele. Waliopatia wamepongezwa, waliokosea wamejiona hawawezi, na wote wanatoka na kile kile walichoingia nacho.

Mimi ni mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa dawati la nyuma katika shule za msingi, nikiwatazama walimu vijana walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilichokiona huko kimenifanya niamini jambo moja kwa nguvu zangu zote: mtoto akiunda mara ya kwanza anatuonyesha anachodhani, na akiunda mara ya pili ndipo anapojifunza. Zoezi lolote la ubunifu lisilo na mara ya pili ni maonyesho tu.

Chukua zoezi ninalolipenda kuliko yote, mnara wa chelewa, yaani njiti za makuti ya mnazi. Shule nyingi za ukanda wetu wa pwani zina mafagio ya chelewa, tena watoto wenyewe huagizwa kuyaleta shule inapofunguliwa. Kila kundi la watoto 5 lipe chelewa 20, uzi wa kushonea wa urefu wa mita 1, na limao 1. Waambie wajenge mnara mrefu kadiri wawezavyo, usimame wenyewe sakafuni bila kuegemea kitu, na limao likae juu. Limao usiliache. Mnara mtupu wa chelewa husimama hata ukiwa umefungwa ovyo, ila uzito wa limao unafichua kila kiungo kilicholegea.

Niliwahi kukaa karibu na kundi moja la darasa la tano lililojenga miraba, mmoja juu ya mwingine, kwa umakini mkubwa na mafundo safi. Walipoweka limao, mnara haukuvunjika. Ulilala polepole upande mmoja, kila mraba ukigeuka kuwa msambamba, mpaka limao likafika chini. Wakausimamisha, ukalala tena. Binti mmoja akabana kona mbili za mraba wa chini, zile zinazotazamana, kwa kidole gumba na cha shahada. Mnara ukatulia. Akaachia, ukalala. Akabana tena, akaangalia vidole vyake kwa muda, kisha akasema: "Tuweke chelewa hapa, badala ya vidole vyangu."

Chelewa hiyo moja ya mshazari ina somo zima ndani yake. Mraba unaweza kulala huku pande zake zote 4 zikibaki na urefu ule ule, kwa sababu kinachobadilika ni pembe tu. Pembetatu haina nafasi hiyo: haiwezi kubadili umbo mpaka upande mmoja ukatike, upinde, au fundo lifunguke. Ukimweleza mtoto hivyo ubaoni ataandika na atasahau. Yule binti hatasahau, maana kabla ya kuliona jambo lenyewe alikuwa amelishika kwa vidole vyake.

Zoezi likiisha, waambie watazame juu. Madarasa yetu mengi hayana dari, na kwa mara moja hilo linatusaidia, kwa kuwa kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, ziko wazi kabisa. Waulize kwa nini fundi aliweka zile mbao za mshazari, wakati paa lina umbo lake hata bila hizo. Nimeona darasa zima likinyamaza likitazama paa ambalo limeketi chini yake kwa miaka. Siku hiyo fundi seremala wa mtaani anapanda hadhi machoni pao, na anastahili.

Zoezi hili lina ndugu yake maarufu. Mbunifu Peter Skillman ndiye aliyelianzisha, na Tom Wujec akalieneza duniani kwa hotuba yake ya mwaka 2010. Washiriki hupewa tambi kavu 20, utepe wa gundi, uzi na peremende moja laini ya kukaa juu, kisha wajenge kwa dakika 18. Matokeo yaliyowashangaza wengi ni kwamba watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wapya wa shule za biashara. Wahitimu hupoteza muda wakitafuta nani awe kiongozi, huchora mpango mmoja, hujenga, halafu huweka peremende juu sekunde za mwisho, na mnara huanguka wakati muda umekwisha. Watoto huweka peremende mapema. Inaanguka, wanarekebisha, inaanguka tena.

Ndiyo maana katika zoezi la chelewa nina amri moja isiyo na mjadala: dakika ya 5 kila kundi liwe limeshaweka limao juu ya chochote lilicho nacho, hata kama ni kimo cha kiganja. Kelele za malimao kuanguka zikisikika mapema, najua kipindi kinakwenda vizuri.

Mwalimu akishazoea chelewa nampeleka kwenye zoezi la kuunda gari. Watoto wetu wana ujuzi wao hapa, kwani wengi wameshaunda gari la waya au la makopo lenye matairi ya kandambili, wakaliendesha barabarani kwa fimbo ndefu yenye usukani. Darasani tunaleta boksi la kadibodi, vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ncha, mirija ya soda na vizibo vya plastiki. Kila gari linaachiwa kutoka juu ya ubao ulioinamishwa, tunapima litafika wapi sakafuni. Mara ya kwanza makundi mengi hutoboa boksi na kupitisha kijiti moja kwa moja. Kijiti kinakwaruza kadibodi, gari linasimama hapo hapo chini ya ubao. Kisha kundi moja hugundua kwamba kijiti kikipita ndani ya mrija, na mrija ndio ukagundishwa kwenye boksi, matairi yanazunguka bila kukwama. Ugunduzi huo husambaa darasani kwa dakika chache, na mimi sizuii. Kuiga kwa namna hii ni kujifunza. Mafundi wote wa Gerezani kule Dar es Salaam na Gikomba kule Nairobi wamejifunza hivyo hivyo, kwa kutazama mkono wa mwenzao.

Tatizo linalofuata ni gari kuruka-ruka, kwa sababu tundu la kizibo halipo katikati. Hapo mwalimu aliyejipanga anaingiza hisabati bila kuitangaza: kata duara la karatasi lenye ukubwa wa kizibo, likunje nusu, likunje nusu tena, na mistari ya mikunjo inapokutana ndipo kitovu. Neno "msuguano" naomba lisubiri mpaka kipindi cha siku inayofuata. Mtoto ambaye jana alihangaika na kijiti kinachokwaruza atalipokea kama jina la kitu anachokijua.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni michezo na hayana uhusiano na sayansi ya kweli. Hao nawakumbusha habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, na wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya sukari, wakayaacha yapoe ndipo wakayaingiza kwenye jokofu, na nafasi kwenye jokofu ilikuwa ya kugombea. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akiwahi nafasi na maziwa ambayo hakuyachemsha, naye akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu kwa nini ya moto yametangulia kuganda, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hakuishia hapo. Alipokuwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alikuta siku moja maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika 2, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akarudia. Swali lake akalipeleka kwa mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule yao, wenzake wakicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya tukio linaloitwa kwa jina la Mpemba. Wapo wanaoeleza chanzo chake, na wapo waliorudia vipimo wakasema hawalioni. Kwangu mimi mabishano hayo hayapunguzi kitu. Kijana aliona jambo kwa mikono yake, akalirudia kwa makusudi, na mtu mzima mmoja akakubali lirudiwe tena. Najiuliza akina Mpemba wangapi waliambiwa wamechanganyikiwa wakakubali.

Sasa niseme la wazazi. Kenya, tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze kutekelezwa shuleni, wazazi wengi wamelalamika hadharani kwamba kazi za kuunda zinaangukia wao: usiku wanasaka kadibodi na gundi, na asubuhi mtoto anabeba kitu alichokiunda baba. Kwetu Tanzania nako, ambako mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika mwaka 2024, nimeanza kuuona mwelekeo huo huo. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Ukimpa mtoto kazi ya nyumbani kisha ukatoa alama kwa kupendeza, mzazi anayempenda mwanawe atafanya kila awezalo kipendeze, na mtoto wa mzazi asiye na hela ya gundi atapata alama ya umaskini wao. Kazi ya kuunda ifanyike darasani, mbele ya mwalimu, kwa vifaa ambavyo kila kundi limepewa sawasawa. Nyumbani waombwe vizibo na maboksi matupu, basi.

Na alama zisitolewe kwa urefu wa mnara. Ninachokagua ni daftari. Kila kundi linachora lilichounda mara ya kwanza, linaandika nini kilitokea, linachora cha pili na kueleza limebadilisha nini na kwa nini. Kundi ambalo mnara wake wa pili ni mfupi kuliko wa kwanza linaweza kupata alama za juu kabisa ikiwa sababu zake zimesimama. Walimu vijana hupinga mwanzoni, wakiona ni kuwanyima haki washindi. Baada ya kusoma madaftari ya darasa moja huwa wanabadilika, kwa sababu humo wanakuta sauti za watoto ambao hawajawahi kunyoosha mkono.

Kuhusu wingi wa watoto, makundi ya 5 au 6 yanawezekana hata darasa likiwa na watoto 90, mkitoka nje chini ya mwembe na mwalimu wa darasa jirani akitaarifiwa mapema juu ya kelele. Kinachonisumbua zaidi ni nani anashika mkasi. Ukiliacha kundi la wavulana na wasichana lijipange lenyewe, mara nyingi wavulana huunda na wasichana huandika. Filimbi inatatua: kila ikilia, mkasi unahamia mkono mwingine na kalamu vivyo hivyo. Nyembe marufuku kabisa, hata kwa mtoto anayesema amezoea kuchongea penseli.

Vifaa vya kununua vina nafasi yake, siwezi kukataa. Lakini nimeona shule ambayo maboksi ya roboti yaliyotolewa na wafadhili yamefungiwa kabatini, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na watoto huyaona siku ya wageni tu, kwa hofu kwamba kikipotea kipande kimoja shule itadaiwa. Kifaa ambacho mtoto haruhusiwi kukiharibu hakiwezi kumfundisha kuunda. Chelewa ikivunjika tunachomoa nyingine kwenye ufagio.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Tafuteni vipindi 2 vinavyofuatana, dakika 80, mara moja kila wiki mbili: kipindi cha kwanza cha kuunda na kuangusha, cha pili cha kuunda upya na kuandika. Pembeni pawe na boksi la vizibo, nyuzi, mirija na kadibodi ambalo halifungwi kwa kufuli. Na mkaguzi au mgeni akifika, msimwonyeshe tu mnara uliosimama. Mpeni na daftari la kundi, aone na ule ulioanguka.