Adhabu za gofu: kinachokutoa mashindanoni mara nyingi sio kosa lenyewe

Malalamiko yanayofika kwenye kamati za sheria siku hizi yanafanana sana, mtu kaenguliwa, kakasirika, anasema kaonewa. Tunaamini wengi wana nia njema, maana gofu inakutegemea wewe mwenyewe ujishtaki, lakini tukikaa kusikiliza tunakuta kosa la mwanzo lilikuwa la adhabu ya kuongezewa mkwaju (pigo) mmoja au miwili tu, angelipa akaendelea zake. Kilichomtoa ni kutorekebisha kwa wakati.

Chukua mpira uliopotea. Muda wa kutafuta ni dakika 3, sio 5, ilibadilika 2019 na mpaka leo tunabishana. Zinahesabiwa tangu wewe au kedi wako (mbeba fimbo) mlipoanza kutafuta. Zikiisha bila kuuona, mpira umepotea hata ukijitokeza sekunde chache baadaye, na hapo unarudi ulikopigia kwa adhabu ya mkwaju mmoja, yaani kama ulikuwa kwenye tii (mahali pa kuanzia shimo) sasa unapiga wa 3. Uliotoka nje ya vigingi vyeupe vya mpaka wa uwanja ni hivyohivyo. Sasa ili usitembee mara mbili unaruhusiwa kupiga mpira wa muda, yaani wa akiba kama wa kwanza hautapatikana, ila lazima utamke kabla ya kupiga kwamba huu ni wa muda. Kusema "ngoja nipige mwingine" haitoshi. Ukisema hivyo tu au ukanyamaza, huo wa pili ndio unaochezwa na ule wa kwanza umeshakufa, hata ukikutwa umekaa katikati ya njia unang'aa. Hili tumelieleza mpaka tumechoka.

Wengine wanadondosha mpira pale wanapodhani ulipotelea, wanajiongezea mmoja, wanaendelea. Hapana jamani. Ipo sheria ya uwanja inayoruhusu kudondosha karibu na hapo kwa mikwaju 2, lakini ni pale tu kamati imeitangaza kwa mashindano hayo. Kama haikutangazwa umecheza kutoka mahali pasipo sahihi, na kwa umbali huo kutoka ulikopigia tunauita ukiukaji mkubwa: adhabu ya mikwaju 2 na lazima urudi urekebishe kabla hujapiga tii ya shimo linalofuata. Usiporekebisha unaenguliwa. Sio refa aliyeamua, imeandikwa.

Kupiga mpira wa mwenzio nako ni hivyo. Adhabu ni mikwaju 2, mikwaju uliyoupiga huo mpira haihesabiwi, unarudi kutafuta wako. Ukishapiga tii inayofuata bila kurekebisha, umetoka. Kwenye mechi za shimo kwa shimo hesabu ni nyingine, unapoteza shimo basi. Weka alama ya kalamu kwenye mpira wako, inachukua nusu dakika.

Kwa upande mwingine kuna watu wanajipa adhabu ambazo hazipo. Mpira uliopigwa ndani ya grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) ukagonga bendera iliyoachwa shimoni hauna adhabu tangu 2019. Kuusogeza mpira kwa bahati mbaya ukiwa grini, hakuna, unaurudisha tu. Kugusisha fimbo chini ndani ya vigingi vyekundu au vya njano vya maeneo ya adhabu kama maji, ruksa. Banka, yaani eneo la mchanga, bado ni banka lakini, ukigusa mchanga kwa fimbo nyuma tu ya mpira au kwenye kupiga kwa mazoezi ni mikwaju 2.

Halafu kadi ya alama. Hapa ndipo uvumilivu unatuishia kidogo. Wewe unawajibika na alama (idadi ya mikwaju) ya kila shimo, kujumlisha ni kazi ya kamati. Ukisaini alama ya chini kuliko uliyopata unaenguliwa, ukisaini ya juu inabaki hiyohiyo. Mchezaji Roberto De Vicenzo kwenye mashindano ya Masters ya 1968 alipiga 3 shimo la 17, mchezaji mwenzake aliyekuwa mwandika alama wake akamwandikia 4, yeye akasaini, 65 ikawa 66 na akakosa kwa mkwaju mmoja kuingia kwenye mchuano wa ziada na Bob Goalby. Mchezaji Jordan Spieth naye aliondolewa 2024 kwa kusaini 3 kwenye shimo alilopiga 4. Kuna msamaha mmoja, kama alama ilipungua kwa sababu hukujua kabisa kwamba ulipata adhabu, tunaiongeza adhabu hiyo na unabaki. Lakini "nilisahau nilipiga ngapi" sio msamaha, tafadhali msituletee.

Na kama hujui ufanye nini na refa hayupo karibu, kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju unaruhusiwa kucheza mipira miwili hadi mwisho wa shimo hilo. Amua hivyo kabla ya kupiga mkwaju mwingine, mtajie mwandika alama wako au mchezaji mwenzio ni upi unataka uhesabiwe kama sheria itakubali, usipotaja utahesabiwa ule uliopigwa kwanza. Ukimaliza raundi lazima uieleze kamati kabla ya kukabidhi kadi, hata kama mipira yote miwili imekupa alama sawa na unaona hakuna cha kueleza. Usipoeleza unaenguliwa, na wanaoenguliwa kwa hili ni walewale waliojitahidi kufanya sawa, wakaishia mlangoni kwetu wakaona foleni wakaondoka.