Kaa na kifungu kimoja: ninavyoandaa mahubiri ya Marko 5

Wahubiri wa Nairobi, hasa sisi wa makanisa ya mitaani, hatukosi maneno. Tukipewa kipaza sauti tunaweza kusema saa nzima bila kuchoka. Kinachotupungukia ni subira ya kukaa na kifungu kimoja mpaka tujue chenyewe kinasema nini. Mhubiri anafungua Isaya, anarukia Waefeso, anapitia Zaburi, na kila mstari unaitwa kuja kuthibitisha jambo aliloliamua kabla hajagusa Biblia. Washirika wanaitikia amina. Jumatano, kwenye ushirika wa nyumbani, ukiwauliza Jumapili tulisoma wapi, wanakukumbusha kisa alichosimulia mhubiri. Hilo linaniuma, maana watu hawa wamepanda matatu asubuhi na mapema, na watoto mkononi, wakitafuta Neno.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa kifungu ninachokipenda sana: Marko 5:21-43, habari ya Jairo na yule mama aliyetokwa na damu.

Siku za mwanzo wa juma nasoma tu. Nasoma kwa sauti, kwanza tafsiri ya Union Version ya 1952, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wazee wetu, kisha tafsiri ya Habari Njema. Vitabu vya ufafanuzi nakuwa bado sijavifungua. Ukisoma kwa sauti, sikio lenyewe linakuonyesha mahali habari inapokatika. Hapa inakatika vibaya sana: baba ana mtoto mahututi, Yesu amekubali kwenda, wako njiani, halafu kila kitu kinasimama kwa sababu ya mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapokaa. Kwa nini Marko amesimulia habari mbili kwa pamoja, moja ndani ya nyingine? Ninaanza kuona mambo. Jairo ana jina na cheo, naye anakuja mbele za watu wote na kuanguka miguuni pa Yesu. Mama hatajwi jina, anapitia nyuma, anagusa vazi kwa siri. Ameugua miaka 12. Na mwishoni kabisa, katika mstari wa 42, Marko anatuambia yule msichana alikuwa na umri wa miaka 12. Mtoto alipokuwa akizaliwa nyumbani kwa Jairo, mama huyu alikuwa akianza kuugua. Ukienda Walawi 15:25-27 unaelewa uzito wake: kitanda alicholalia na kiti alichokalia vilikuwa najisi, na aliyevigusa alikuwa najisi hadi jioni. Huyu ndiye Yesu anamsimamisha katikati ya umati ili aseme yote, huku Jairo, mkuu wa sinagogi, amesimama pale pale akisubiri.

Kuna jambo wahubiri vijana hulifanya kwa haraka: wanachanganya Injili. Mathayo 9 ana habari hii hii, ila kwa ufupi, na kwake baba anakuja akisema binti amekwisha kufa. Wajumbe wa kutoka nyumbani hawamo. Ukihubiri Mathayo, hubiri Mathayo. Kwa Marko, uzito wote uko kwenye kule kuchelewa. Yesu angali akisema na mama, wanafika watu wa nyumbani kwa Jairo: “Binti yako amekwisha kufa, kwani kuzidi kumsumbua mwalimu?”

Kutoka hapo naandika sentensi moja, na mahubiri yote yanasimama juu yake: Yesu akisimama kwa ajili ya mwingine, hajakuacha wewe. Nisipoweza kuisema sentensi hiyo kwa pumzi moja kufikia Alhamisi, najua sijaelewa kifungu, narudi kusoma.

Kisha nawafikiria wasikilizaji, kwa majina yao. Kuna aliyeuza shamba kulipia matibabu. Kuna familia ambayo kikundi chao cha WhatsApp cha mchango bado hakijafungwa, na bili ya hospitali inaongezeka kila asubuhi. Mstari wa 26 unasema yule mama aligharimia vyote alivyo navyo, hali yake ikazidi kuwa mbaya. Mstari huo siufafanui. Nausoma polepole, basi; Nairobi inauelewa.

Lakini mstari huo huo umetumiwa vibaya. Nimesikia ukihubiriwa ili watu waache dawa za presha na za virusi, eti matabibu hawana faida. Marko hasemi hivyo. Anatueleza yaliyompata mama mmoja, na hakuna mahali katika habari hii Yesu anapolaumu mtu kwa kutafuta tiba. Anayewaambia wagonjwa watupe dawa kwa jina la kifungu hiki anaua watu, na atatoa hesabu.

Sehemu ngumu zaidi naiacha mwisho, na huipa muda mrefu kuliko zote. Kwenye benchi la tatu ameketi mzazi aliyemzika mtoto wake Lang'ata. Alisali pia. Nimwambie nini nikifika mstari wa 41, msichana anapoambiwa ainuke? Simwambii imani yake ilipungua; Jairo mwenyewe alikuwa na hofu, ndiyo maana aliambiwa, “Usiogope, amini tu.” Namwambia ukweli: binti wa Jairo naye alikuja kufa siku nyingine. Kuinuka kwake kulikuwa ishara, na Marko anatupeleka mpaka sura ya 16, kwenye kaburi lililo wazi. Faraja ya huyu mzazi iko kule, na sina haki ya kumpa nyingine iliyo rahisi zaidi.

Ijumaa ni siku ya kupunguza. Ibada yetu ya pili ina mkalimani, mimi kwa Kiingereza naye kwa Kiswahili, na dakika 40 za mimbarini zinakuwa 20 za mahubiri. Mkalimani nampa kifungu na ile sentensi moja mapema, ajue tunakoelekea. Tunakubaliana mahali pa kunyamaza, hasa baada ya wajumbe kusema. Sentensi ndefu nazikata vipande, kwa sababu mwenzangu hawezi kubeba nusu ya wazo huku akingoja nusu nyingine. Na kila mara kuna kitu kinachoondoka. Juma lililopita yaliondoka maelezo yangu yote kuhusu kazi ya mkuu wa sinagogi, niliyoyatafuta siku mbili. Yalikuwa mazuri, ila hayakuisaidia ile sentensi moja, kwa hiyo niliyapeleka kwenye ushirika wa Jumatano, ambako kuna chai na muda wa maswali.